Ustadhi asipokuja, watoto wetu waende wapi?

Mhariri naomba kanafasi. Mwanangu yuko la tano shule ya serikali huku Igogo, kipindi cha dini Wakristo wanabaki darasani, Waislamu wanaenda chini ya mwembe na ustadhi wao, sasa wiki iliyopita ustadhi hakuja wakaambiwa waingie tu na wenzao, mtoto karudi ananiuliza mama, na mimi nilitakiwa kuimba? Nilikosa jibu kabisa.

Katiba ya 1977 ibara ya 19 inasema kueneza dini ni hiari ya mtu. Kipindi sikipingi jamani, adabu wanafundishwa na nashukuru sana. Ila mwalimu asipofika waacheni hapo mwembeni na madaftari yao wafanye hesabu, shule ile tunailipia kodi wote, hata sisi wauza dagaa wa soko la Mwaloni.

Mama wa mwanafunzi, Igogo, Mwanza