Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Alpine juu ya ZFS katika Mashine za Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina na mahudhurio anayo katibu. Mimi nitashughulikia kazi iliyobeba mwaka wetu: kuweka Alpine Linux, mfumo endeshi mdogo wa kompyuta, juu ya mfumo wa faili wa ZFS, yaani utaratibu wa kupanga na kulinda faili kwenye diski. Naieleza kwa kirefu kwa sababu karibu kila mashine iliyokataa kuwaka ilikwama mahali palepale, na anayejua sababu huitengeneza mwenyewe bila kuibeba hadi mjini.

Kwanza, kwa nini ZFS. Kompyuta zetu nyingi ni zilizotumika, za kununuliwa Luthuli Avenue na mitaa ya jirani, na diski zake zina umri. Diski kuukuu huharibu data kimyakimya. Ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, hukagua rekodi zake za ndani tu. Faili yako ikibadilika herufi moja, haitakwambia. ZFS huweka alama ya ukaguzi kwa kila bloku (kipande kidogo cha data) na kuihakiki kila inaposomwa. Tena haiandiki juu ya data ya zamani, huandika pembeni kwanza ndipo ihamishe kielekezi. Stima ikipotea ghafla unaweza kukosa sekunde chache za mwisho za kazi ambayo haijahifadhiwa, lakini diski hubaki nzima. Alpine nayo ni nyepesi: maktaba ya musl, zana za BusyBox na kianzisha huduma OpenRC, basi. Kumbukumbu (RAM) inayobaki huitumia ZFS.

Ugumu unaanzia kwenye leseni. ZFS iko chini ya leseni ya CDDL na keneli (kiini) ya Linux iko chini ya GPL, leseni mbili zinazohesabiwa kutopatana, kwa hiyo moduli ya ZFS (kiongezi cha keneli) haimo ndani ya keneli yenyewe. Huja kama kifurushi cha peke yake, `zfs-lts`, na lazima ilingane na keneli toleo kwa toleo. Ndiyo maana flashi ya kusakinishia iwe ya Alpine aina ya `extended`: hiyo ina moduli tayari. Aliyepakua `standard` ili kuokoa bando huambiwa na `modprobe zfs`, amri ya kupakia moduli, kwamba moduli haipo.

Utaratibu wetu ni huu. Ingia kama root (msimamizi), endesha `setup-alpine`, na ikikuuliza diski jibu `none`. Kisha `apk add zfs eudev sgdisk e2fsprogs dosfstools grub-efi efibootmgr`, halafu `setup-devd udev`. Usiruke hiyo ya mwisho, maana bila udev, mtunza majina ya vifaa, hakuna `/dev/disk/by-id`, yaani majina ya kudumu ya diski, na jina `sda` linaweza kuwa `sdb` ukichomeka flashi nyingine.

Diski iliyowahi kuwa na ZFS ifutwe kwa `zpool labelclear -f`. ZFS huandika lebo nne, mbili mwanzoni na mbili mwishoni, hivyo kufuta mwanzo wa diski kwa `dd` huacha mbili hai na baadaye mashine inaona hodhi (hifadhi ya ZFS, `pool`) la zamani lililokufa. Baada ya hapo gawa diski vipande vinne: MB 512 za EFI, sehemu ya kuwashia (`EF00`), GB 1 ya `/boot`, inamokaa keneli, kwa ext4 (`8300`), GB 4 za swap, nafasi ya ziada kumbukumbu ikijaa (`8200`), na kilichobaki chote kwa ZFS (`BF00`). Swap iwe kipande chake. Ukiiweka ndani ya ZFS, kumbukumbu ikijaa ZFS itahitaji kumbukumbu ili iandike swap, na mashine inaganda. Na `/boot` tumeiweka nje kwa makusudi, kwa kuwa GRUB, programu inayowasha mashine, haielewi vipengele vingi vipya vya ZFS.

Hodhi huundwa hivi:

`zpool create -o ashift=12 -o autotrim=on -O compression=lz4 -O acltype=posixacl -O xattr=sa -O relatime=on -O mountpoint=none -R /mnt rpool /dev/disk/by-id/…-part4`

`ashift=12` maana yake bloku za baiti 4096. Angalia mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa sababu haibadiliki tena. Ukikosea unavunja hodhi na kuanza upya. `autotrim` ni ya SSD. Diski ya sahani haiihitaji. Ziundwe sehemu za hodhi (dataset) `rpool/ROOT` na `rpool/ROOT/alpine`, hii ya pili ikiwa na `mountpoint=legacy`, kisha pachika (mount) kwa mpangilio: mzizi kwenye `/mnt`, halafu `/mnt/boot`, halafu `/mnt/boot/efi`. Aliyesahau `/boot` hujaza keneli ndani ya ZFS, na GRUB haioni kitu.

Endesha `BOOTLOADER=grub USE_EFI=1 setup-disk -m sys -k lts /mnt`. Ikilalamika kuhusu GRUB usikate tamaa. Ingia ndani ya mfumo mpya kwa `chroot` baada ya kupachika `/dev`, `/proc` na `/sys`, ongeza `zfs` na `zfs-lts`, andika `export ZPOOL_VDEV_NAME_PATH=1`, kisha rudia `grub-install` na `grub-mkconfig`. Bila mstari huo wa `export` GRUB hulalamika kwamba imeshindwa kupata njia kamili ya diski.

Sasa fungua `grub.cfg` uisome kwa macho yako. Mashine nyingi zilikwama hapa. Mstari wa keneli unapaswa kuwa na `root=ZFS=rpool/ROOT/alpine rootfstype=zfs`. Ukiona `root=ZFS=/ROOT/alpine`, jina la hodhi limemezwa: GRUB imeshindwa kusoma lebo na ikaandika patupu. Kwenye `/etc/grub.d/10_linux`, mstari unaoanza na `rpool=` ufanye `rpool=rpool`, uunde `grub.cfg` tena. Halafu hakikisha neno `zfs` limo katika `/etc/mkinitfs/mkinitfs.conf`, na uendeshe `mkinitfs` (huunda initramfs, mfumo mdogo wa kuanzia) kwa kutaja toleo la keneli iliyosakinishwa. Usipolitaja, itachukua toleo la keneli ya flashi.

Washa huduma `zfs-import` na `zfs-mount` katika `sysinit`. Toka, ondoa vilivyopachikwa, na umalize kwa `zpool export rpool` (kuliachia hodhi). Anayezima bila `export` hukuta mashine ikidai hodhi linatumiwa na mfumo mwingine. Ukifika kwenye ganda la dharura (skrini ya amri mashine isipowaka), dawa ni mistari michache: `modprobe zfs`, `zpool import -f -N rpool`, `mount -t zfs rpool/ROOT/alpine /sysroot`, kisha `exit`.

Kwa mashine za kumbukumbu ya GB 4 au pungufu, weka `options zfs zfs_arc_max=536870912` katika `/etc/modprobe.d/zfs.conf` na urudie `mkinitfs`. Hiyo ni MB 512 za kashe, kumbukumbu ambamo ZFS hushikilia data iliyosomwa. Wasiofanya hivyo huona `free` ikionyesha kumbukumbu imekwisha na kudhani kuna programu inayoila; ni ZFS, na huirudisha ikiombwa, ila kwa mashine ndogo hairudishi haraka vya kutosha.

Usiwashe `dedup` (kuondoa data inayojirudia). Usijaze hodhi kupita asilimia 80. Endesha `zpool scrub rpool`, ukaguzi wa data yote, mara moja kwa mwezi.

Jambo lililotusumbua zaidi ni kurudi nyuma baada ya `apk upgrade` (kusasisha programu) mbaya. Tunapiga picha ya hali ya mfumo kwa `zfs snapshot rpool/ROOT/alpine@kabla`, na wengi waliamini hiyo inatosha. Haitoshi. `/boot` iko nje ya ZFS, kwa hiyo ukirudisha mzizi, keneli inabaki mpya huku `/lib/modules` ikiwa ya zamani. Mashine inawaka, kwa kuwa moduli ya ZFS imo ndani ya initramfs, lakini inakosa mtandao na pengine hata sauti, na mtu anahangaika na nyaya bure. Kwa hiyo kabla ya picha, nakili `/boot/vmlinuz-lts` na `/boot/initramfs-lts` ndani ya `/root/boot-kabla`. Kurudisha kufanywe kutoka kwenye flashi: `zfs rollback`, pachika, na urudishe faili hizo mbili mahali pake.

Kwenye Mkutano Mkuu kamati itaomba idhini ya kununua diski za pili kwa mashine za mafunzo. Kwa diski moja ZFS hutambua faili iliyooza lakini haina nakala nzuri ya kuiponya. Diski ya pili ikiwapo, `zpool attach` huunda pacha na uponyaji huwa wa papo hapo. Kumbukeni tu kwamba pacha huyo ni wa kipande cha nne peke yake. EFI na `/boot` za diski ya pili zitagawiwa na kunakiliwa kwa mkono, na `grub-install` iendeshwe mara mbili, ama sivyo diski ya kwanza ikifa data itakuwa salama ndani ya mashine isiyowaka.

Mwenyekiti
Nairobi