Ile sindano si ya magoti, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unasema binti yako anakula vizuri, anacheza rede na wenzake mpaka giza linaingia, na magoti yaliyokuwa yamevimba yameshapona kabisa. Basi kwa nini kila baada ya wiki nne achomwe sindano inayomwacha akichechemea? Ukamalizia kwa kusema mwezi huu hutampeleka.

Nimeamua kukujibu hadharani, maana wapo akina mama wengi wenye watoto wenye kadi ya sindano kama ya binti yako wanaojiuliza hilohilo, na wengine wameshaacha kimyakimya.

Ile sindano ya penisilini, anayochomwa kwa sababu aliugua homa ya baridi yabisi, haikuwa ya magoti hata siku moja. Ni ya kulinda vali za moyo, ile milango midogo inayopitisha damu.

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kuzunguka mwilini na kuipeleka mapafuni ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto huipokea ikitoka mapafuni, kisha huisukuma kwa nguvu kwenye mshipa mkuu, aota, mpaka ifike kwenye mishipa myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupita moja moja. Tangu karne ya 13, tabibu Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Cairo, aliandika kwamba damu haipenyi ukuta uliopo kati ya pande hizo mbili. Ni lazima ipitie mapafuni. Nampenda sana mzee yule. Alikataa jambo ambalo matabibu walikuwa wamelikariri kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Damu hiyo inatakiwa kwenda upande mmoja tu, na zinazoizuia isirudi nyuma ni vali nne. Mbili hufunga kwanza, mbili hufuata, na mlio wa kufunga huko ndio daktari anaousikiliza kifuani. Hiyo ni kazi ya mara 100,000 hivi kwa siku, bila likizo. Vali ninayotaka uifahamu ni ya mitrali, iliyopo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Ina ngozi mbili nyembamba, zimeshikiliwa kwa chini na nyuzi kama kamba zinavyoshikilia tanga la dau lisipinduke kwa upepo. Kila chumba cha chini kinapojikaza, vali hii ndiyo inayobeba shinikizo kubwa kuliko zote.

Sasa turudi kwa binti yako. Kabla ya magoti, koo lilimuuma, si ndiyo? Kuna bakteria anaitwa streptokokasi wa kundi A. Mwili hutengeneza kingamwili za kupambana naye, lakini kwa baadhi ya watoto kingamwili hizo hushindwa kumtofautisha bakteria na nyama za mwili wenyewe. Wiki mbili tatu baada ya koo kupona, viungo vinaanza kuuma: leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona vyote bila alama. Vali haiponi hivyo. Hubaki na kovu, ikanenepa, ikavuja, na miaka ikienda ngozi zake hugandana na njia ya damu ikawa nyembamba.

Na kila koo jipya la bakteria yule linaweza kuamsha homa upya, nayo ikairudia vali ileile. Hapo ndipo penisilini inapofanya kazi. Imetengenezwa ikae kwenye msuli na kuachia dawa kidogokidogo, ndiyo maana ni nzito na inauma. Zikipita wiki nne, inayobaki mwilini haitoshi tena kumlinda.

Usiniamini mimi peke yangu. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, walichukuliwa watoto wa miaka 5 hadi 17 ambao eko, kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha vali zimeanza kuguswa na ugonjwa huu, ilhali wao hawakuwa na dalili yoyote. Kundi moja la watoto karibu 400 lilichomwa sindano hii kila baada ya wiki nne, jingine la idadi hiyohiyo halikuchomwa. Matokeo yalichapishwa 2021: baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeongezeka kwa watoto 33 wa kundi lisilochomwa, na kwa 3 tu wa kundi lililochomwa. Wote hao walikuwa wakikimbia na kucheza kama wa kwako.

Na wazee wakikushauri akatwe kimeo ili koo lisimuume tena: najua wanatutakia mema, ila wembe hauui bakteria wa kooni. Usikubali.

Jambo linaloninyima raha zaidi ni kwamba huyu ni mtoto wa kike. Mwanamke akiwa mjamzito damu yake huongezeka karibu nusu, na vali iliyobana haiwezi kuipitisha. Wengi hugundua wana moyo mbovu wakiwa na mimba, wanahema, hawawezi kulala chali. Upasuaji wa vali upo, hata hapa Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, lakini aliyewekewa vali ya chuma humeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kupimwa damu kila mara.

Kwa hiyo mpeleke wiki hii. Mwambie muuguzi kwamba anaumia sana, na umuulize kama dawa inaweza kuchanganywa na ganzi. Inaruhusiwa, na hupunguza maumivu. Aisukume taratibu. Na wale wadogo zake wawili, mmoja akilalamika koo na ana homa, asisubiri maji ya chumvi: apelekwe kituoni siku hizohizo za mwanzo. Nauli nitakutumia kesho asubuhi.

Dada yako