Lupango (kiwanja) ya mita 15 kwa 20, kisima na choo vitaachana wapi?

Ndugu mhariri, jambo sana.

Nasoma gazeti yenu kila siku ya posho (jumamosi), na kila mara mukiandika juu ya komini Annexe, ile ya pembeni ya muji wetu wa Lubumbashi, ni kusema watu wamejaa, watu wanajenga ovyo, watu wametoka mbali wakaharibu muji. Naomba nafasi kidogo nijibu kama mutu wa Kalebuka, mutaa wa komini ile, maana mimi naona walioharibu siyo wale waliokuja juzi, ni sisi wa kwanza, na mimi ni mumoja wao, nitawaambia namna gani.

Nilikuwa mutu wa Gécamines, kampani ya madini ya Serikali. Nilitoka na ile departi volontere (kuacha kazi kwa hiari na kulipwa) ya 2003, tulikuwa zaidi ya 10,000 tuliotoka, na kila mutu alikuwa na shauri yake juu ya zile feza. Kuna waliolipa minibasi ikafia ku barabara ya Likasi, kuna waliofungua buveti (baa) wakainywa wenyewe. Mimi nikalipa lupango Kalebuka mwaka 2004, mita 20 kwa 30, na wenzangu wakanicheka, eti unaenda kuishi mu pori na nyani. Na kweli ilikuwa pori. Ukishuka pa barabara kubwa unatembea katikati ya mahindi mpaka unafika ku kichuguu kimoja kirefu kupita nyumba, muembe umeota juu yake, ndiyo ilikuwa adresi yetu. Mugeni akiuliza tunakaa wapi tunamwambia shuka, fuata njia, ukiona kichuguu chenye muembe piga hodi. Hakuna aliyepotea hata siku moja.

Sitaki kudanganya, haikuwa paradiso. Kuranti (umeme) hakuna, saa kumi na mbili ikipita hakuna gari, mutoto wetu wa mwisho bibi yangu alienda kumuzalia mbali, nilimupeleka juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli, mimi nasukuma nashika toroshi na meno. Leo taksi moto (pikipiki) inafika mpaka pa mulango, famasi ziko tatu, mukate wa moto asubuhi, masomo karibu. Mutu akiniambia zamani ilikuwa muzuri kupita leo namuuliza kama aliwahi kusukuma ile baiskeli.

Sasa kilichotokea ni nini. Sheria ya madini (code minier) ya 2002 ilifungua mulango, bei ya shaba ikapanda, kampani zikaja, na watu wakafuata kazi, wa Kasai, wa Kivu, wa Likasi, na wengi tu walikuwa watoto wa hapa hapa, wa Katuba na wa Kenya (nasema Kenya komini yetu, siyo ile ya Nairobi) ambao nyumba ya kupanga iliwashinda bei. Wote walitaka pa kulala. Na wenye pa kulala walikuwa sisi.

Mwaka 2011 nilikatisha lupango yangu kati kwa kati, nikauzisha nusu, juu ya minervali (feza ya masomo) ya watoto watatu. 20 kwa 30 ukikata inabaki 15 kwa 20 kila upande. Niliona ni akili. Jirani wa kushoto naye akakata, wa nyuma akakata mara mbili. Kichuguu nacho tukakikata, udongo wake ni muzuri sana kwa matofali, tukafyatua, tukachoma na ule ule muembe, na nusu ya yale matofali iko mu nyumba ya yule niliyemuuzishia. Kona ya ukuta wake ilisogea mu njia kama metre moja na nusu hivi, niliona kwa macho, kwa sababu siku ile ya kupima aliyeshika ncha ya pili ya kamba ni mimi mwenyewe. Nikanyamaza, feza ilikuwa imekwisha kuingia mu mufuko.

Watu wa maji wanafundisha kwamba kisima na choo viachane angalau mita 30. Chukueni karatasi muchore lupango ya 15 kwa 20, mupige mustari toka kona mpaka kona ya mbali kabisa, ni mita 25. Basi hata ukiweka kisima huku mwisho na choo kule mwisho, haitoshi, na hapo sijahesabu choo cha jirani. Choo cha yule niliyemuuzishia, sasa ni jirani wangu, kiko mita 8 toka kisima changu, na hana makosa, angekiweka wapi? Masika ya 2019 bibi yangu alivuta ndoo asubuhi, akaiweka chini, hakusema kitu, akaniita tu na majina yangu yote matatu. Maji yalikuwa meupe sana, hayana shida ukiangalia. Harufu ndiyo ilikuwa nayo. Tangu siku ile tunanunua maji ya kunywa kwa bidoni ku foraji (kisima kirefu cha mashini) ya mutu, na kisima chetu ni cha kuoga na kufua tu, na kila kipindupindu kikitangazwa ku redio hatulali.

Halafu mwaka jana muzee mumoja wa avenyi yetu alikufa. Gari ya maiti ilifika mpaka pa ile kona, dereva akajaribu mara ya kwanza, mara ya pili, akarudisha nyuma akagusa ukuta, akazima motere. Vijana wakabeba sanduku ku mabega, na penyewe pale pa kona ilibidi waliinamishe upande, wamama waliokuwa wanalia wakanyamaza kwanza wakiogopa litaanguka. Hakuna hata mumoja aliyeniangalia. Wangeniangalia ingekuwa afadhali.

Nilifikiri siku ile juu ya Ruashi na Katuba. Zote mbili ni za miaka ya 1950, wabelgiji walizipanga avenyi kwa avenyi, na sisemi walitupenda, walipanga vile ili watuchunge vizuri. Lakini leo, na umasikini wote ulioko kule, na watu walivyojaa mu kila lupango, gari ya maiti inapita, ya zimamoto inapita, kamioni ya simenti inapita. Nyumba unaweza kuivunja ukajenga ingine. Njia ukishaila, nani atairudisha?

Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Sawa, lakini kila mutu hapa anajua inavyoenda, unaona shefu kwanza, unajenga, na kadasta (ofisi ya Serikali ya kupima viwanja) unaitafuta kisha miaka, nao wanakuja kuchora nyumba pale zilipo, hata zikiwa zimekaa juu ya barabara. Ndiyo maana ninaandika. Ng'ambo yetu bado kuna mashamba ya mahindi, ya kweli, nimeyaona mwezi uliopita. Pale watu hawajafika bado, watafika. Wakubwa wetu wa komini na mashefu wakae pamoja SASA, wapige borni (mawe ya mipaka) za avenyi, watenge pahali pa masomo, pa soko, pa foraji moja ya wote, ndipo wauzishe zinazobaki. Kazi ile inaomba kamba, mawe na vijana wachache. Na mutu kama mimi akija kukatisha lupango yake, wamuulize kwanza maji atayatoa wapi, na wao wakamate kamba, siyo yeye.

Kwa upande wangu nimeongea na jirani yule. Alikasirika kwanza, ana haki, alilipa feza yake yote. Lakini tumepatana, kona ya ukuta itavunjwa kiangazi hiki, matofali na simenti ya kujenga upya nitalipa nusu. Mukituma mwandishi aje kuona, asiulize kichuguu chenye muembe, vijana wa moto hawakijui tena. Aulize ukuta uliokatwa kona. Na kama akifika akute haujakatwa bado, anipigie kelele mimi, na aandike.

Musomaji wenu,
Kalebuka, Lubumbashi