Shukrani kwa afande wa funguo

Afande, jina lako sikuuliza, na hata ningelijua nisingeliandika hapa. Siku yangu ya kwanza kufundisha kutafakari katika gereza la wanawake la Lang'ata, Nairobi, niliwaambia akina mama wafumbe macho, wafuate pumzi tu inavyoingia na kutoka puani. Wawili wakacheka. Mtoto akalia mgongoni (sheria inawaruhusu watoto kukaa na mama zao gerezani hadi miaka 4). Hayo si kitu. Kilichotushinda ni funguo zako: kila ukipiga hatua zinalia, macho yote yanafumbuka. Mimi nikaogopa kusema. Wewe mwenyewe ukazitoa kiunoni, ukazifungia kwenye leso, ukavua viatu, ukaketi mkekani nyuma kabisa. Dakika 10, kimya. Asante sana, afande. Leso uliisahau, ninayo, nimeshaifua.