Mafuriko, gharika na tope visichanganywe

Mhariri,

Masika yakianza, meza za habari hupokea taarifa nyingi za mashirika ya nje zenye neno la Kiingereza inundate, na mara nyingi neno hilo hutoka gazetini limepinda. Sisi tunaozifasiri taarifa hizo tunaomba nafasi tuonyeshe linapoharibikia.

Asili yake ni Kilatini, inundare, na ndani yake mna unda, yaani wimbi. Kwa maana ya kawaida ni maji kufunika nchi kavu, basi. Halisemi kwamba kuna maafa. Mto Nile ulikuwa ukifunika mashamba ya Misri kila mwaka hadi Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, na wakulima waliyangoja maji hayo kwa hamu kwa sababu yaliacha udongo wenye rutuba. Hapa kwetu Rufiji, maji yakishaondoka bondeni watu hupanda kwenye unyevu uliobaki, kilimo wanachokiita mlau. Kwa hiyo ripoti ya wataalamu wa mito ikitumia neno hilo, andika kwamba bonde "limefunikwa na maji". Ukiandika "limekumbwa na mafuriko" umeshaleta maafa ambayo mwandishi wa ripoti huenda hakuyataja.

Kinachokatwa mara nyingi katika ripoti hizo ni kina cha maji, na ndicho msomaji anachokihitaji. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuliinua gari dogo likaelea, na zikifika 60, magari mengi husombwa. Vipimo vya mvua navyo visitupwe: milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita 1 ya mraba, hivyo mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 60 inamwaga lita 3,000. Mkazi wa Jangwani au wa bonde la Nyando atalielewa hilo upesi kuliko "mvua kubwa isiyo ya kawaida".

Kisha kuna gharika. Neno hili lina asili ya Kiarabu, lina habari ya kuzama ndani yake, na wasomaji wengi wanalijua kwa kisa cha Nuhu. Waandishi hulikimbilia kila wanapokuta deluge, ilhali Waingereza hulitumia neno hilo hata kwa mvua ya saa moja iliyoharibu mechi ya kriketi. Hapo "mvua kubwa" inatosha. Gharika ingojee siku ambayo makazi yamezama kweli.

Kosa zito zaidi ni kuita mafuriko kila kitu kilichotiririka. Lililotokea Katesh, wilayani Hanang', tarehe 3 Desemba 2023 yalikuwa maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang'. Maji hupungua yenyewe. Tope hubaki na kuganda, na waokoaji huhitaji vijiko vya kuchimbia kuliko boti. Huko Mai Mahiu, Kenya, Aprili 2024, habari za awali zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuzibwa na takataka na magogo, kisha yakafumuka. Derna, Libya, Septemba 2023, hapo ndipo mabwawa mawili yalipasuka kweli. Chanzo kikikosewa, lawama nazo huelekezwa pasipo.

Upande wa mafumbo, tatizo ni sarufi. Kinachofurika kwa Kiswahili ni maji yenyewe, au mahali: mto umefurika, uwanja umefurika watu. Kwa hiyo "ofisi imefurikwa na simu" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Simu na barua humiminika. Pongezi, mtu humiminiwa. Kazi humwelemea au humzidi. Soko linaweza kufurika sukari ya magendo bila ubishi, maana soko ni mahali.

Hapo pana mtego ambao hata wafasiri wazoefu huukanyaga. Inundate hubeba wazo la kuzidiwa: vilivyoingia vimepita uwezo wa aliyevipokea. Kumiminika huonyesha wingi tu. Kama taarifa inasema wahudumu walishindwa kupokea simu zote, "simu zilimiminika" imeacha nusu ya habari. Ongeza "hata wahudumu wakazidiwa". Kama haisemi hivyo, usiwabebeshe kushindwa.

Watu nao wana kanuni yao. Uwanja uliofurika mashabiki hauna ubaya, ni sifa, na jioni kila mtu anarudi kwake. Lakini "mafuriko ya wakimbizi" tunashauri yafutwe kila yanapoonekana, hata kama yamo katika Kiingereza cha shirika kubwa. Yanawageuza watu kuwa janga, tena huficha idadi. Kama idadi imo, iandikwe, na mpaka waliovukia utajwe. Kama haimo, "wakimbizi wengi" ni haki zaidi.

Tunajua wahariri watasema kichwa cha habari hakina nafasi. "Ofisi yafurikwa na simu" na "Simu zamiminika ofisini" vyote viwili, ukihesabu herufi pamoja na nafasi kati ya maneno, ni 23.

Wafasiri wa habari,
Dar es Salaam