Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ukaguzi na Majaribio ya Viendeshi vya Kadi za Sauti

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tumeendelea kupokea marekebisho madogo ya ALSA, mfumo wa sauti wa kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ya Linux, uliochukua nafasi ya OSS, mfumo wa zamani, kuanzia toleo la 2.6 la mwaka 2003. Tumeyasoma na kuyajaribu, na yaliyofaa tumeyapeleka kwa wasimamizi wa kerneli. Kadi zimepimwa kwa sampuli 44100, 48000, 96000 na 192000 kwa sekunde, biti 16, 24 na 32, chaneli 2 hadi 8, kwa kadiri kila kadi ilivyoruhusu. Mafunzo yamefanyika. Orodha kamili anayo Katibu.

Nije kwenye jambo lililoleta maneno mengi. Niliamua kwamba mwanachama asiandike jina lake kuwa amejaribu rekebisho kabla hajaizima kompyuta kabisa, akachomoa umeme, akaiwasha na kusikiliza kwa masikio yake mwenyewe. Wapo walioniita mkaidi. Wapo waliosema mstari mmoja wa msimbo haustahili usumbufu wote huo. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao.

Marekebisho mengi tunayopokea kweli ni ya mstari mmoja, kwenye jedwali la kiendeshi (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) cha HDA, teknolojia ya sauti iliyoletwa na Intel mwaka 2004. Kila mtengenezaji wa laptopu huunganisha spika, hedifoni na maikrofoni kwenye kodeki, yaani chipu inayobadili data kuwa sauti na sauti kuwa data, kwa namna yake, na taarifa zinazotoka kwenye BIOS, programu inayoanza kompyuta inapowashwa, mara nyingi si sahihi. Mstari ule huiambia kerneli: ukikuta kitambulisho hiki, fanya hivi.

Sasa, mtu akitoka kwenye mfumo mwingine wa uendeshaji na kuianzisha upya kompyuta bila kukata umeme, kodeki inaweza kubaki na mipangilio iliyoachwa na mfumo ule. Spika zinalia, mjaribu anafurahi, anaandika kuwa imejaribiwa. Kesho yake anaiwasha kompyuta iliyozimwa usiku kucha: kimya. Rekebisho halikufanya lolote. Sauti ya jana ilikuwa ya kuazima. Na hata anayewasha vizuri, akifunga kifuniko kompyuta ikalala, kodeki ikakatiwa umeme na kiendeshi kisirudishe mipangilio, kompyuta itaamka bubu.

Mwaka huu tulikuwa na laptopu ambayo spika zake za besi hazikulia. Mjaribu wa kwanza alisema rekebisho limefaa. Mimi ndiye niliyesimama nikataka lirudiwe. Baada ya kuzima kabisa, zililia spika ndogo tu, sauti nyembamba kama ya simu ya zamani. Tulipoendelea kuchunguza tukaona kitambulisho kile kile cha PCI (njia inayounganisha vifaa ndani ya kompyuta) kinatumika kwenye laptopu nyingine yenye kodeki tofauti. Mstari ule ungepita, ungeiacha ya kwanza nusu mgonjwa na kuiharibu ya pili iliyokuwa nzima. Mleta rekebisho alilibadilisha, likalinganisha kitambulisho cha kodeki badala ya kile cha PCI. Sidhani tungefika hapo kama ningewasikiliza waliosema nisiwasumbue.

Wanaosema tunachelewesha kazi wakumbuke kwamba toleo jipya la kerneli hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na dirisha la mambo mapya ni wiki 2, lakini marekebisho ya hitilafu hupokelewa hata likishafungwa. Nusu saa ya kuzima na kuwasha haijamkosesha mtu toleo. Watunzaji wa matoleo thabiti wenyewe wanataka rekebisho lisizidi mistari 100 pamoja na ile inayolizunguka, na liwe limejaribiwa. Sisi ni nani tulegeze? Kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, bila hitilafu si kujaribu. Hilo nitalisema hata nikibaki peke yangu.

Na karibu nibaki. Mahudhurio yanasikitisha. Kikao cha robo ya tatu hakikufikia akidi, na vingine vilianza kwa kusubiriana. Wanachama zaidi ya nusu hawajalipa ada, wengine kwa mwaka wa pili. Ada hiyo ndiyo inayonunua kadi za USB, nyaya na hedifoni za majaribio. Kadi zilizokopwa nazo hazijarudi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mzigo umebaki kwa wachache wale wale. Inaniuma zaidi kwamba waliopinga uamuzi wangu kwa sauti kubwa, wengi wao hawakuja kuupinga kikaoni, ambako ningewajibu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, fedha zikiruhusu, kuongeza wajaribu wa maikrofoni, maana wengi huchezesha sauti kwa aplay na kusahau kurekodi kwa arecord. Tunatumaini pia kupata namna ya kupima mambo ya msingi yenyewe, bila mtu kukaa mbele ya mashine, ili masikio yetu yabaki kwa yale yanayohitaji masikio. Uamuzi wa kuzima kabisa unaendelea. Mweka Hazina atapokea ada mara tu baada ya kikao hiki.

Naomba kuwasilisha.