Ganzi ya miguu haiondoki kwa beseni la maji ya moto

Ndugu Mhariri,

Miaka 19 nanunua gazeti lako na sijawahi kukuandikia. Ukurasa wa afya wa Jumapili umenishinda. Mwandishi wako anamshauri mwenye kisukari aliyeshikwa na ganzi aloweke miguu katika maji ya moto mpaka mishipa izinduke. Mishipa ipi? Ya damu au ya fahamu? Hakusema.

Nimefundisha baiolojia hadi nikastaafu, kwa hiyo nieleze. Ngozini mna ncha za neva, yaani mishipa ya fahamu, zenye vipokezi vya kuhisi joto na maumivu. Kimojawapo, alichokigundua mwanasayansi David Julius kwa kufuatilia ukali wa pilipili akapata Nobel mwaka 2021, hufunguka joto likikaribia nyuzi 43. Hapo chembe za sodiamu na kalsiamu humiminika ndani ya neva, chaji yake hubadilika, na msukumo hukimbilia uti wa mgongo. Mguu hujivuta kabla ubongo haujapata habari. Kisukari cha miaka mingi huziharibu ncha hizo. Moto unaunguza, na hakuna wa kuupeleka ujumbe.

Mama yangu alilowekwa miguu hivyohivyo mwaka juzi, na jirani aliyemtakia heri tu. Nilipoingia alikuwa anachambua mchele na kupiga soga, beseni linafuka mvuke. Nikatia vidole, nikavitoa mbio. Akaniuliza, "Kwani yamoto, mwanangu?" Tulipomwinua miguu, unyayo ulikuwa umejaa malengelenge, na tulipomfuta, ngozi ikabaki kwenye taulo. Tulisafisha kidonda miezi mitano, na kidole kimoja kikakatwa. Kila nilipombadilishia bandeji nilimtazama usoni nikitamani ashtuke, hata alie, na yeye ananisimulia habari za wajukuu.

Tena kliniki alikohudhuria kila mwezi walimpima sukari tu. Hakuna siku aliyoambiwa avue viatu! Kila kliniki ya kisukari iweke kiti kimoja cha kuvulia viatu, na kando yake ule uzi wa nailoni wa kupimia ganzi, unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10: mgonjwa afumbe macho, aguswe unyayo, aseme kama amesikia.

Nawe sahihisha Jumapili ijayo, ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile: miguu ioshwe kwa maji vuguvugu, isilowekwe, na maji yapimwe kwanza kwa kiwiko na mtu asiye na ganzi.

Mwalimu mstaafu,
Tanga